Washairi na Dhamiri ya Taifa: Mjadala wa Kukomesha Biashara ya Watumwa Nchini Uingereza, 1773–1807

Yako masimulizi ambayo wahubiri wetu huyapenda, nasi hatuwalaumu kwa kuyapenda. Nahodha wa meli ya watumwa apatwa na dhoruba baharini, amlilia Mungu, aokoka, aiacha biashara yake siku ile ile, kisha atunga wimbo wa neema unaoimbwa leo ulimwenguni kote, Amazing Grace. Masimulizi haya ni mazuri, lakini si ya kweli. Dhoruba iliyomtikisa John Newton ilitokea mwezi Machi 1748. Baada ya hapo alirudi pwani ya Afrika Magharibi akiwa msaidizi wa nahodha katika meli ya watumwa, na kati ya 1750 na 1754 aliongoza safari tatu akiwa nahodha mwenyewe. Siku za Jumapili aliwakusanya mabaharia wake kwa ibada, na chini ya mbao walizosimamia wakisali walilala watu waliofungwa minyororo. Aliacha bahari mwaka 1754 kwa sababu ya ugonjwa, wala si kwa sababu ya dhamiri. Wimbo wake aliuandika kwa ajili ya ibada ya Mwaka Mpya 1773, akiwa kasisi wa Kianglikana katika mji mdogo wa Olney, akifafanua sala ya Daudi katika 1 Mambo ya Nyakati sura ya 17. Maungamo yake ya hadharani juu ya biashara ile yalichapishwa mwaka 1788. Tangu alipoiacha hadi alipoishutumu ilipita miaka 34.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza sehemu waliyoichukua washairi katika mabishano yaliyoifikisha Uingereza kwenye sheria ya 1807 ya kupiga marufuku biashara ya watumwa. Jambo hili si geni kwetu kama linavyodhaniwa. William Cowper, aliyekuwa jirani na rafiki wa Newton pale Olney, ndiye mtunzi wa wimbo juu ya chemchemi ya damu ya Imanueli uliomo katika Tenzi za Rohoni, na Wakristo wengi wa nchi yetu huuimba wasijue kwamba mtunzi huyo huyo alitunga pia mashairi ya kuimbwa barabarani dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa. Swali letu ni hili: je, mashairi hayo yalifanya kazi gani? Yaliwaamsha watu, au yaliwaliwaza tu hata wakalia machozi na kurudi kwenye vikombe vyao vya chai?

Vitabu viwili vya mwaka 1773

Mwaka ule ule Newton alipouandika wimbo wake, mjini London vilitoka vitabu viwili ambavyo yafaa kuvisoma pamoja. Cha kwanza ni shairi liitwalo The Dying Negro, kazi ya Thomas Day na rafiki yake John Bicknell. Chanzo chake kilikuwa habari fupi ya gazeti. Mwafrika mmoja alikuwa amemkimbia bwana wake akabatizwa, akikusudia kumwoa mtumishi mwenzake Mzungu. Alikamatwa, akapelekwa melini katika mto Thames ili arudishwe utumwani, naye akajiua. Day na Bicknell walimpa marehemu huyo ulimi. Shairi zima ni maneno yake ya mwisho kwa mchumba wake, na kila neno limebuniwa na Waingereza wawili ambao hawakumfahamu.

Cha pili kiliandikwa na Mwafrika mwenyewe. Phillis Wheatley aliletwa Boston mwaka 1761, akiwa mtoto wa miaka saba au minane ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yanang'oka. Jina la Phillis lilikuwa la meli iliyomleta. Jina la Wheatley lilikuwa la watu walionunua mwili wake. Katika nyumba ile alijifunza kusoma Biblia, kisha Kilatini, na mwaka 1770 alijulikana pande zote mbili za bahari kwa shairi la maombolezo juu ya kifo cha mhubiri George Whitefield. Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Whitefield huyo, aliyewahubiria maelfu kuzaliwa upya, alikuwa ametetea utumwa uruhusiwe katika koloni la Georgia, na ulipohalalishwa mwaka 1751 alifurahi. Kituo chake cha yatima kilitumia watumwa. Aliyemwombolezea kwa beti zilizomletea sifa alikuwa mtumwa.

Kitabu cha Wheatley kilipokuwa tayari, haikutosha kwamba ameandika. Ilibidi watu mashuhuri 18 wa Boston, miongoni mwao gavana na wachungaji, watie sahihi kuthibitisha kwamba msichana huyu ndiye mtunzi kweli. Ndani ya kitabu limo shairi fupi juu ya kuletwa kwake kutoka Afrika, ambalo limewaudhi wasomaji wengi wa nyakati zetu kwa sababu laonekana kushukuru. Sisi twaliona kwa namna nyingine. Mistari ya kwanza yampendeza msomaji Mkristo, na alipokwisha kutulia kitini, mistari ya mwisho yamgeukia na kumkumbusha kwamba hao anaowadharau kwa rangi yao nao wana nafasi katika safari ya kwenda mbinguni. Hiyo ni mbinu ya mhubiri mwenye akili. Na katika shairi alilomwandikia Bwana Dartmouth, waziri wa makoloni, asema wazi kwamba upendo wake wa uhuru ulitokana na kunyakuliwa kwake, kisha auliza uchungu uliompata baba yake ulikuwa wa namna gani. Mstari huo haukubuniwa na rafiki wa Waafrika. Ulikuwa kumbukumbu. Mwaka 1774, akiwa amekwisha kupewa uhuru, alimwandikia mchungaji Samson Occom, Mhindi wa kabila la Mohegan, barua iliyochapishwa magazetini, akisema kwamba Mungu ameweka kiu ya uhuru katika kila moyo wa mwanadamu, na akiwashangaa wanaoulilia uhuru wao huku wakiwakandamiza wengine.

Mashairi yake yaligeuka kuwa ushahidi mahakamani, ikiwa twaweza kusema hivyo. Thomas Jefferson aliyadharau akidai kwamba hayastahili hata kuhakikiwa. Thomas Clarkson, katika insha yake ya 1786 dhidi ya utumwa, aliyataja ili kuthibitisha kwamba akili ya Mwafrika si pungufu. Twamshukuru Clarkson, lakini hoja yake ina mwiba. Kama mtu yampasa aandike beti zenye vina ndipo akubaliwe kuwa mtu, vipi yule mtoto aliyelala kando ya Phillis katika meli ile, ambaye hakuandika neno lolote maisha yake yote? Sura ya Mungu haikutolewa kama tuzo ya ushairi. Wapinzani wa utumwa walijua hilo kwa imani yao, bali katika mabishano walivutwa kwenye uwanja wa adui na kupigana kwa silaha zake.

Hata hivyo tusiwe wepesi kuwahukumu waliosema kwa niaba ya wengine. Olaudah Equiano, aliyekuwa mtumwa naye, alipoandika habari za maisha yake mwaka 1789 alilinukuu shairi la Day kwa heshima. Alilitumia kama mali yake. Aliyepitia mateso yenyewe hakuona aibu kuazima maneno ya asiyeyapitia, alipoona kwamba yafaa.

Meza ya chai

Tarehe 22 Mei 1787 watu 12 walikutana London wakaunda kamati ya kukomesha biashara ya watumwa. Tisa kati yao walikuwa Wakwekeri. Walielewa mapema kwamba takwimu na ripoti zinasomwa na wachache, ilhali wimbo huimbwa na mpishi na mpanda farasi. Kwa hiyo, mapema mwaka 1788, walimwomba Cowper kupitia rafiki zake awatungie nyimbo za barabarani.

Cowper alikuwa mtu aliyeteseka. Tangu ujana alipatwa na ugonjwa wa akili, na tangu mwaka 1773 hakuondokewa na hofu kwamba Mungu amemkataa milele. Yeye aliyewapa wengine nyimbo za faraja hakuweza kujifariji mwenyewe. Labda ndiyo sababu alizifahamu pingu. Katika shairi lake refu, The Task, la mwaka 1785, alikuwa amekwisha kuuliza kwa nini mtumwa anapokanyaga ardhi ya Uingereza ahesabiwe huru, ilhali ng'ambo ya bahari Mwingereza yule yule anamfunga. Alifikiria hukumu ya Jaji Mansfield ya 1772 katika kesi ya James Somerset, ingawa hukumu hiyo haikuwafungua wote kama ushairi ulivyoidhania. Ombi la kamati alilitimiza, lakini aliwaambia rafiki zake kwamba jambo lenyewe linachukiza mno hata halifai kwa ushairi. Kalamu yake ilikataa.

Kati ya nyimbo zile, The Negro's Complaint ndiyo iliyosafiri mbali. Clarkson asimulia kwamba kamati iliuchapa kwenye karatasi bora kabisa, ikaukunja kama barua ndogo, ikaupa kichwa cha kuwataka watu wauzungumze mezani wanapokunywa chai, na kuutawanya kwa maelfu. Hapakuwa na mahali palipofaa zaidi. Sukari iliyokuwa mezani ilitoka katika mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibi, na Mwafrika wa wimbo ule alikuwa akiwauliza wanywaji maswali huku kijiko kikizunguka kikombeni. Wimbo ukatoka vyumbani ukaingia barabarani, ukaimbwa kwa sauti za nyimbo zilizozoeleka. Katika karne ya 20 Martin Luther King alipenda kuutaja katika hotuba zake.

Lakini kwa maoni yetu wimbo mkubwa zaidi ni ule mdogo usiojulikana sana, Pity for Poor Africans. Humo msemaji si mtumwa bali ni mwananchi wa kawaida wa Uingereza. Akiri kwamba ameshtushwa na habari za watumwa, hata machozi yanamlengalenga. Ila auliza, tutawezaje kuishi bila sukari na rumu? Na tukiacha sisi, je, Wafaransa na Waholanzi hawataendelea? Kisha asimulia kisa cha mvulana aliyeshawishiwa na wenzake kuiba matunda katika shamba la maskini. Alimhurumia mwenye shamba, akawasihi wenzake waache, na alipoona hawaachi akaenda nao, akala sehemu yake, na kuendelea kumhurumia. Msomaji acheka, kisha agundua kwamba amecheka juu yake mwenyewe. Ndivyo nabii Nathani alivyomwendea Daudi na habari za mwana-kondoo. Nyimbo za machozi zilimwomba Mwingereza amwonee huruma Mwafrika. Wimbo huu ulimnyang'anya Mwingereza fahari ya huruma yake. Mwaka 1791 vuguvugu la kususia sukari lilipoanza, Clarkson alikadiria kwamba watu wapatao 300,000 waliiacha. Hatuwezi kusema ni wangapi waliongozwa na ushairi. Twaweza kusema kwamba swali walilolijibu ndilo alilokuwa ameliuliza Cowper.

Mwaka huo huo wa 1788 wanawake wawili wa Bristol, mji uliojengwa kwa faida ya watumwa, nao walichapisha mashairi. Hannah More, mwandishi mashuhuri na rafiki wa Wilberforce, aliandika kwa haraka ili shairi lake litoke Bunge likiwa linalizungumzia jambo hilo. Ann Yearsley alikuwa muuza maziwa. More ndiye aliyemgundua na kumsaidia kuchapisha kitabu chake cha kwanza, kisha akaziweka fedha za mauzo chini ya udhamini, kwa kuwa hakuamini kwamba mwanamke maskini aweza kutunza fedha zake mwenyewe. Wakagombana, wasipatane tena. Walipoandika juu ya uhuru wa Waafrika walikuwa hawasemezani. Shairi la Yearsley halina adabu ya lile la More, bali lina hasira ya mtu aliyeonja kudhaminiwa.

Hoja za upande wa pili

Isidhaniwe kwamba washairi wote walisimama upande mmoja. James Boswell, mwandishi wa maisha ya Samuel Johnson, alichapisha mwaka 1791 shairi la kupinga ukomeshaji, akimdhihaki Wilberforce na kudai kwamba Waafrika mashambani wameridhika na hali yao. Utumwa, alisema, ni sehemu ya utaratibu wa madaraja uliowekwa duniani. Tena yeye mwenyewe ni mtumwa wa mwanamke ampendaye, wala halalamiki. Mzaha huu wafaa kukumbukwa. Hoja ikikosa nguvu huvaa kicheko. Johnson mwenyewe, ambaye Boswell alimheshimu kama baba, aliuchukia utumwa kiasi cha kuinua glasi mbele ya wasomi wa Oxford akiwatakia heri watumwa wa Karibi watakaoasi safari ijayo.

Mwezi Aprili mwaka huo Bunge liliikataa hoja ya Wilberforce kwa kura 163 dhidi ya 88. Ndipo Anna Laetitia Barbauld alipomwandikia Wilberforce waraka wa kishairi ambao twauona kuwa maandishi yenye kina zaidi katika mabishano yote haya. Wengine waliamini kwamba watu hutenda uovu kwa kutojua, na kwamba wakionyeshwa wataacha. Barbauld aliyakana matumaini hayo. Taifa limekwisha kuonyeshwa, asema. Limesikia ushahidi, limesoma mashairi, limelia, na limepiga kura. Linajua dhambi yake na linaendelea nayo. Amshauri Wilberforce asihangaike tena, kwa kuwa sifa yake ni salama. Kilicho hatarini ni taifa, maana utumwa hauli mwili wa mtumwa peke yake bali huoza nyumba ya bwana, tabia ya mkewe na sheria za nchi yake. Kwa lugha ya darasani twaweza kusema kwamba Barbauld aliitambua nguvu ya dhambi dhidi ya matumaini ya elimu. Yeye hakuwa Mlutheri. Alitoka katika jamii ya Wakristo waliojitenga na Kanisa la Kianglikana na ambao waliitukuza sana elimu, na kwa sababu hiyo maneno yake yana uzito zaidi.

Wilberforce hakuufuata ushauri wake, na hapo historia ilimsuta mshairi. Alirudi Bungeni mwaka baada ya mwaka, na tarehe 23 Februari 1807 Baraza la Makabwela lilipitisha mswada kwa kura 283 dhidi ya 16. Lakini tusisahau kwamba miaka ile ya kati ilijaa mambo ambayo hayakufanywa na washairi: uasi wa watumwa wa Saint-Domingue kuanzia Agosti 1791, vita na Ufaransa, na ukakamavu wa Waafrika wenyewe. William Wordsworth aliandika soneti ya kumtukuza Toussaint L'Ouverture gerezani, na nyingine ya kumpongeza Clarkson mwaka 1807; lakini katika shairi la maisha yake akiri kwamba mabishano yale hayakumgusa sana ujanani, maana alidhani mapinduzi ya Ufaransa yangeufagia uovu wote kwa pamoja.

Kimya cha Newton

Turudi Olney. Kitabu cha nyimbo za Olney, kilichotoka mwaka 1779, kina nyimbo 348, zaidi ya 60 zikiwa za Cowper na zilizobaki za Newton. Humo Newton ajiita mpotevu, kipofu, mwenye dhambi asiyestahili. Ni kweli kwamba ujanani alikuwa ameonja kutumikishwa na kunyimwa chakula katika visiwa vya Plantain, pwani ya Sierra Leone, na maisha yake yote alilikumbuka jambo hilo kuwa ni rehema ya Mungu iliyomtoa huko. Lakini dhambi anayoiungama katika nyimbo zake ni ya jumla mno hata kila mtu aweza kuivaa. Daftari lake la safari laonyesha kwamba alitumia vyuma vya kubana vidole gumba kuwatesa vijana waliodhaniwa kuwa na njama. Vyuma hivyo havimo katika nyimbo.

Twamtendea haki tukisema kwamba hakuishia hapo. Mwezi Desemba 1785 Wilberforce kijana alimwendea kwa siri kuuliza kama aache siasa baada ya kuokoka, na Newton akamshauri abaki Bungeni. Mwaka 1788 akatoa kijitabu chake juu ya biashara ya watumwa, akikiri kwamba maungamo yake yamechelewa mno, na akaeleza kwa maneno makavu mambo aliyoyaona na kuyatenda. Kisha akatoa ushahidi mbele ya Baraza la Mfalme na Bunge. Linalotushangaza ni kwamba mtu huyu, aliyetunga nyimbo karibu kila juma kwa ajili ya waumini wake, alipofika kwenye dhambi yake mahsusi aliuacha ushairi akaandika nathari. Huenda aliona kwamba wimbo wa kanisa ni wa wote, na dhambi ile ilikuwa na majina, tarehe na bei. Neema aliyoiimba mwaka 1773 haikuwa ya uongo. Lakini ilimchukua miaka 15 zaidi kulitamka hadharani jina la kile alichosamehewa. Alikufa tarehe 21 Desemba 1807, kipofu, mwenye umri wa miaka 82, miezi tisa baada ya sheria kutiwa sahihi.

Pwani yetu

Sheria ya 1807 iliwafunga Waingereza. Haikuigusa pwani ya Afrika Mashariki, ambako biashara ilizidi kukua katika karne ya 19 kwa ajili ya mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba alioutia sahihi Sultani Barghash, na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria visiwani mwaka 1897. Bara, Wajerumani hawakuufuta utumwa. Amri yao ya 1904 iliwaweka huru watoto waliozaliwa baada ya mwaka 1905, na utumwa ulifutwa Tanganyika mwaka 1922 chini ya Waingereza. Wamisionari wa nchi hiyo hiyo ya Ujerumani walikuwa wamefungua Lutindi, katika milima ya Usambara, mwaka 1896, pawe makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Baadaye pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na tukimkumbuka Cowper hatuwezi kulitaja jina la Lutindi bila kutulia kidogo.

Pwani hii ilikuwa na ushairi mkubwa kuliko ule wa Olney, na wa kale kuliko huo. Mwaka 1858, miaka 15 kabla ya soko la Unguja kufungwa, Mwana Kupona wa Siyu, mjane wa Bwana Mataka, alimtungia binti yake utenzi wa wosia akiwa mgonjwa. Amfundisha kumcha Mungu, kumtunza mume, kuwa na adabu na wakubwa. Kati ya mawaidha hayo amwonya asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi za nyumba, wasije wakamharibia tabia. Ni mama mwenye mapenzi, anayejua kwamba atakufa, naye aongea kwa upole. Utenzi huo husomeshwa hadi leo kwa uzuri wa lugha yake, na watumwa wa nyumba ile wamo ndani yake bila majina.